Mlango wa Kwanza wa Kubisha: Msaada kwa Mama na Mtoto Hapa Salgaa

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku ukisikiliza. Kama unanyonyesha, keti vizuri, weka mto mgongoni. Na wewe shosho, wewe kogo, unayelea wajukuu, usiseme maneno haya ni ya wasichana. Leo nimekuja kwa ajili yako pia.

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Kila wiki natembea hapa Salgaa, kuanzia kule malori yanakolala mpaka nyumba za kupanga zilizo nyuma ya steji, na siku nyingine nafika Sobea au napanda kuelekea Migaa. Neno ninalosikia zaidi ya yote si homa wala kuhara. Ni hili: "Sista, hapa hakuna msaada wowote." Mama anasema hivyo hali mtoto amekonda, au baba ametoroka, au binti ameumizwa na mtu wa karibu.

Msaada uko, mama. Si mwingi, na sitakudanganya kwamba unakuja haraka. Lakini uko. Shida ni kwamba kila mlango una mtu wake, una siku yake na una karatasi yake. Ukienda mlango usio wako, au ukaenda mikono mitupu, utazungushwa mpaka uchoke, urudi nyumbani useme hakuna kitu. Leo nataka tujue uanze kubisha wapi.

Acha nikuambie habari ya mama mmoja. Sitamtaja jina, na mambo mengine nimeyabadilisha ili asitambulike. Alikuwa anauza chai na chapati kwa madereva. Mtoto wake alikuwa na miezi kumi na moja. Alikuwa amehama kutoka mahali pengine, na katika kuhama kitabu cha kliniki kikapotea. Kwa hivyo hakurudi kliniki. Nilipomuuliza mbona, aliangalia chini akasema, "Niliogopa kugombezwa."

Hapo nilinyamaza, kwa sababu ni kweli. Sisi wauguzi wengine tuna mdomo. Mama akija amechelewa, au hana kitabu, tunamfokea mbele ya watu. Ikiwa ulifokewa na mmoja wetu, naomba msamaha kwa niaba yake, na nakuomba urudi. Kitabu cha Mama na Mtoto kikipotea utaandikiwa kingine. Sindano alizokosa mtoto zitapangwa upya. Chanjo za watoto katika zahanati za serikali hazilipishwi, hata kama mtoto alizaliwa nyumbani, hata kama wewe si mwenyeji wa hapa. Na ile ya surua hudungwa mara mbili, miezi tisa na tena miezi kumi na minane. Akina mama wengi wanasahau hiyo ya pili kwa sababu mtoto sasa anakimbia na anaonekana mzima.

Yule mtoto wa mama wa chapati hakugunduliwa nami. Aligunduliwa na mhudumu wa afya wa kijiji, yule tunayemwita CHP, ambaye zamani tulimwita CHV. Mhudumu huyo anaishi mtaani kwako. Amepewa nyumba zake za kutembelea, karibu mia moja. Tangu Septemba 2023 wengi wao wamepewa begi la kazi, na ndani yake mna kipimo cha joto, kipimo cha presha na ule utepe wa rangi wa kupima mkono wa mtoto. Utepe ukisimama kwenye kijani, mtoto yuko sawa. Ukisimama kwenye manjano, yaani chini ya sentimita 12.5, ameanza kudhoofika. Ukisimama kwenye nyekundu, chini ya sentimita 11.5, huyo ni mgonjwa na anahitaji matibabu, hata kama anacheza. Huyu alikuwa 11.2.

Kwa hivyo mlango wa kwanza wa kubisha si ofisi ya mjini. Ni huyo mhudumu. Hakuulizi pesa. Kama humjui, uliza kwenye zahanati, "CHP wa mtaa wangu ni nani?" Wataangalia daftari wakuambie. Uandike nambari yake ya simu ukutani, karibu na pale unapoweka kiberiti. Yeye anajua ni siku gani mtaalamu wa lishe anakuja, anajua chifu msaidizi anapatikana saa ngapi, na akikuandikia barua ya rufaa, pale unakoenda hawatakuuliza umetumwa na nani.

Mtoto yule alianzishiwa chakula cha matibabu, ile siagi ya karanga ya pakiti. Hiyo ni dawa. Usiigawe kwa ndugu zake, wala usiiuze. Kuna wakati zahanati inaishiwa. Ukiambiwa hakuna, usirudi nyumbani ukakaa. Uliza ni kituo gani kingine kinazo, na uombe mtoto apimwe uzito kila wiki hata bila pakiti. Uji wa unga uliochanganywa na karanga zilizosagwa, yai, omena, mboga iliyokatwa ndogo ndogo, hivyo vyote vinasaidia mtoto wa manjano. Mtoto wa nyekundu anahitaji kituo cha afya, na akikataa kula au akivimba miguu, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwa kosa langu. Yule mama alikuwa na shida ya pili. Baba ya mtoto ni dereva wa safari ndefu, leo Mombasa kesho Malaba, na alikuwa ameacha kutuma pesa. Mimi kwa haraka yangu nikamwambia, "Nenda ofisi ya serikali mjini, watakusaidia." Sikupiga simu kwanza. Sikumpa barua. Alifunga biashara siku nzima, akatumia pesa ya unga kwa nauli, na alipofika akakuta afisa ameenda mahakamani. Akaambiwa arudi wiki ijayo, na aje na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Hakuwa nacho. Aliporudi Salgaa jioni hakuwa na pesa ya kununua unga wa kesho. Alinitazama bila kusema kitu. Afadhali angenigombeza.

Tangu siku hiyo simtumi mama popote kabla ya kujua mambo matatu: anaenda kumwona nani, mtu huyo yuko ofisini siku gani, na anataka karatasi gani. Nawe usikubali kutumwa na mtu yeyote, hata muuguzi, kabla hajakujibu hayo. Uliza bila kuogopa.

Juu ya karatasi hebu tukae kidogo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanakwama.

Karatasi ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Mtoto akizaliwa hospitalini, usitoke bila ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Akizaliwa nyumbani, nenda kwa chifu msaidizi mapema, kwa sababu yeye ndiye anayesajili vizazi vya nyumbani. Ikipita miezi sita, inakuwa usajili wa kuchelewa na unaulizwa mambo mengi zaidi. Ukishakuwa na hiyo taarifa, cheti chenyewe kinaombwa kupitia eCitizen, na kama huna simu ya intaneti nenda kwa kijana wa saiba au kituo cha Huduma. Cheti hicho ndicho kitakachoulizwa shuleni, kwa bima, kwa bursari, na kwa afisa wa watoto.

Karatasi ya pili, na hii ni ngumu kuitaja, ni cheti cha kifo. Sisi wa barabara hii tunaijua. Januari 31, 2009, lori la mafuta lilianguka Sachangwan, watu wakakimbilia mafuta, moto ukashika, na zaidi ya watu mia moja wakafariki. Asubuhi ya Desemba 31, 2017, basi na lori ziligongana Migaa, na zaidi ya watu thelathini wakafariki. Na zile ajali ndogo ndogo zisizofika kwenye redio tumezihesabu wenyewe. Kila mara wanabaki watoto. Na mara nyingi shosho aliyebaki nao hana karatasi ya kuonyesha kwamba mama yao au baba yao amekufa. Nimeona shosho mwenye wajukuu watatu akikosa kuandikishwa kwa sababu hiyo. Watu wote wa kijiji walihudhuria mazishi, lakini mazishi hayaingii kwenye faili. Kwa hivyo ukishazika, fuata cheti hicho hata kama moyo hautaki. Tuma mtu akufuatie.

Karatasi ya tatu ni kitambulisho chako, na usajili wako wa SHA. Ile NHIF tuliyoizoea ilifika mwisho, na kuanzia Oktoba 1, 2024 tuko kwa SHA. Na ile Linda Mama iliyokuwa ikitulipia kujifungua nayo ikaingizwa humo, ikaitwa Linda Jamii. Usijiambie kwamba kadi ya zamani itakusaidia siku ya uchungu. Piga *147# kwa simu yoyote, hata ya mulika mwizi, au mwombe CHP akusajili. Kujisajili ni bure. Ukishasajiliwa, matibabu ya zahanati na kituo cha afya cha serikali hulipi. Lakini kulazwa na kujifungua kunataka uwe pia umelipa mchango, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, ambazo kwa sisi tusio na mshahara hulipwa za mwaka mzima. Najua hiyo ni pesa nyingi ukiuza mboga. Ndiyo maana nasema uanze ukijua tu una mimba, usingoje mwezi wa nane. Vyama vingine vya akina mama hapa vimekubaliana kwamba zamu ya mama mjamzito ikifika, pesa inaenda SHA kwanza kabla ya sufuria. Mimi napenda hicho chama. Na msichana ambaye hajafika miaka kumi na minane hana kitambulisho, kwa hivyo anaandikwa chini ya mzazi au mlezi wake. Asikae nyumbani kwa aibu. Na akishajifungua, shule inafaa kumpokea tena. Huo ni mwongozo wa serikali, na ule wa mwaka 2020 unasema hivyo wazi.

Weka karatasi zote kwenye mfuko mmoja wa plastiki, mbali na panya na mvua. Piga picha ya kila moja kwa simu ya mtu unayemwamini.

Sasa, kuhusu baba aliyekimbia. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na baba na mama, wawe wameoana au hawajaoana. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema vivyo hivyo. Kwa hivyo usikubali kuambiwa "hakukuoa, utamdai nini?" Anayedai ni mtoto. Mtu wa kumwona ni afisa wa watoto wa kaunti ndogo, na sisi yetu ni Rongai. Yeye atamwandikia baba barua ya kumwita, mkae mezani, muandikiane mkataba wa nani analipa nini. Huduma hiyo haina malipo. Baba akikataa kuja, au akivunja mkataba, kuna mahakama ya watoto. Lakini afisa hawezi kumwita mtu anayeitwa "Baba Brayo, anaendesha lori nyekundu." Enda na jina lake kamili, nambari ya simu, nambari ya kitambulisho kama unayo, nambari ya gari na kampuni anayofanyia kazi. Enda na jumbe za M-Pesa alizokuwa akikutumia, zinaonyesha kwamba alikuwa akimjua mtoto. Dada yangu unayeishi na dereva sasa hivi na mko vizuri, mjue jina lake la kitambulisho. Si ubaya.

Mara ya pili tulimpigia afisa simu kwanza, mama akaenda na mfuko wake kamili. Baba aliitwa. Siwezi kusema mambo yalinyooka. Kuna mwezi anatuma na kuna mwezi anapotea mpaka akumbushwe. Lakini kuna mkataba uliotiwa sahihi, na mtoto amefika 13.1 kwenye utepe.

Kwa shosho na walezi wa mayatima: kuna pesa ya serikali ya Inua Jamii. Ile ya mayatima na watoto walio katika shida ilianza kwa majaribio mwaka 2004, na siku hizi ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba. Wazee waliofika miaka 70 wana yao, na wenye ulemavu mkubwa wana yao. Mambo mawili uyajue. Orodha haifunguliwi kila siku. Usajili hufanywa kwa wakati wake na kutangazwa kwa chifu, kwa hivyo nenda baraza, au mtume mtu aende, hata kama baraza linachosha. Pili, kuandikishwa ni bure. Kijana akikuambia umpe mia tano akuingize kwenye kompyuta, huyo ni mwizi. Na pesa yenyewe huchelewa, wakati mwingine miezi. Usikope duka ukiitegemea.

Mzazi wa mtoto mwenye ulemavu, usimfiche ndani. Najua macho ya majirani. Mpeleke apimwe katika hospitali ya serikali inayofanya upimaji huo. Mjini Nakuru kuna hospitali kuu ya kaunti, na CHP au sisi wa zahanati tutakuambia siku ya madaktari hao. Fomu ya upimaji ndiyo inayokuwezesha kumsajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kuhusu shule, uliza kituo cha EARC, ambako mtoto anaangaliwa anaona vipi, anasikia vipi, anajifunza vipi, ndipo aelekezwe shule inayomfaa. Mtoto asiyesikia akipelekwa mapema anajifunza lugha ya ishara akiwa bado mdogo. Akipelekwa na miaka kumi, amepoteza mingi.

Nafika sasa mahali ambapo naomba uache sufuria kidogo unisikilize.

Mtoto akinajisiwa, saa zinahesabiwa. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi inafanya kazi ikianza kabla ya saa 72, na kadiri inavyoanza mapema ndivyo bora. Usimwogeshe. Usifue nguo. Nguo alizokuwa amevaa zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Nenda hospitali kwanza, usingoje polisi, usingoje baba arudi safari, usingoje wazee wakutane. Matibabu hayo katika hospitali ya umma ni ya bure, na fomu ya P3 pia ni ya bure. Hakuna mtu, awe chifu, mzee wa kijiji, mchungaji au mjomba, mwenye ruhusa ya kumaliza kesi hiyo kwa mbuzi au kwa shilingi elfu ishirini. Ni hatia kubwa chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Tunaishi mahali pa lojingi na wageni wengi, na watu hupenda kusema wabaya ni madereva. Katika kazi yangu, wengi niliowaona waliumizwa na mtu aliyekuwa na ufunguo wa nyumba.

Ukikwama usiku na hujui uanzie wapi, kuna simu mbili za kushika kichwani. Ya watoto ni 116. Ya dhuluma za nyumbani na za kingono ni 1195. Zote mbili ni bure, huhitaji krediti, na zinajibiwa mchana na usiku. Hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116. Mfundishe kama unavyomfundisha jina lake. Jirani pia anaweza kupiga, na halazimiki kutoa jina.

Neno moja dogo juu ya wafadhili na makanisa. Wengine wana moyo mzuri sana, na mara nyingi kanisa au msikiti hufikisha unga kabla ya ofisi yoyote. Chukua na ushukuru. Lakini mtu akitaka kumpiga mtoto wako picha amevaa matambara ndipo akusaidie, una ruhusa ya kukataa. Na mtu akija na gari zuri akasema anampeleka mtoto wako "home" asomeshwe, mwambie akuonyeshe barua ya afisa wa watoto. Mtoto hachukuliwi kwa mdomo. Umaskini peke yake si sababu ya kumtenganisha na wewe.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaongea juu ya kikohozi cha watoto wakati huu wa baridi, na jinsi ya kuhesabu pumzi za mtoto ukitumia saa ya simu. Kabla ya hapo nina kazi ya kukupa. Leo jioni tafuta karatasi za watoto wako, uone iliyopo na isiyokuwepo. Kama kuna isiyokuwepo, uje kliniki uulize muuguzi wa afya ya jamii. Huhitaji kuwa na mtoto mgonjwa ndipo uje. Na kama huna kitabu cha kliniki, njoo hivyo hivyo.